Kichwa cha Mwanetu na Safari ya Mbale



Akina mama wa darsa la Jumamosi wametuomba mara kadhaa tuandike habari za mtoto wetu wa tatu, na kila mara tulikuwa tukiahirisha. Si kwamba tulikosa la kusema, bali lipo moja ambalo ni zito kulisema: tulimficha. Kwa muda wa wiki tano tulimficha mtoto ndani ya kofia ya sufi, katika joto la hapa Arua, na muda wote huo maji yalikuwa yakiongezeka kichwani mwake.

Alizaliwa mwaka 2022, mzima kabisa. Siku ya saba tulimfanyia akika, babu yake akamnyoa kwa mkono wake mwenyewe, na waliohudhuria wote walikiona kile kichwa, kidogo, cha mviringo, hakina kasoro. Tunalitaja hili kwa sababu baadaye ilisemwa mtaani kwamba alizaliwa hivyo, na yakasemwa na mengine ambayo hatutayarudia hapa. Wiki ya tatu alipata homa kali, akakataa ziwa, degedege likamshika mara mbili. Kituo cha afya tulikokwenda walimpa dawa, homa ikashuka, tukarudi nyumbani tukimshukuru Mwenyezi Mungu. Hakuna aliyetuambia turudi kupima kichwa, nasi hatukujua kuwa kichwa hupimwa.

Alipofikisha miezi miwili, kofia walizovaa ndugu zake hazikumtosha tena. Mishipa ilionekana kwenye ngozi, utosi ukajaa na kukaza hata akiwa ametulia, halafu macho yakawa yanaelekea chini, weupe wa jicho ukionekana juu ya mboni. Tuliyaona yote haya. Nyanya yake akasema ni kichwa cha ukoo wa baba. Jirani akasema ni jicho la watu. Tukaita watu wa kisomo, na kisomo si kibaya, lakini sisi tulikifanya badala ya safari, na hapo ndipo tulipokosea. Kisha tukamshonea kofia kubwa zaidi.

Aliyetutoa ndani ni mdogo wetu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale. Alikuja likizo, akampakata mtoto, akamvua kofia bila kutuuliza, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kaka, shemeji, watoto kama huyu nawaona Mbale kila wiki. Wanaletwa kutoka nchi nzima, na wengine wanavuka mipaka. Kwa nini huyu amekaa hapa?"

Hospitali aliyoitaja ni ya CURE, hospitali ya watoto iliyofunguliwa Mbale mwanzoni mwa miaka ya 2000, na inayojulikana zaidi kwa upasuaji wa vichwa vikubwa na migongo wazi. Ni hospitali ya shirika la Kikristo, na tusifiche kwamba jambo hilo lilizua maneno nyumbani. Mzee mmoja wa ukoo aliuliza kama tumekosa mahali pengine. Imamu wetu akamjibu, "Nionyesheni ya kwetu inayofanya kazi hiyo, nauli nitatoa mimi." Mzee hakusema tena, na jioni alituletea shilingi elfu hamsini za njiani, Allah amlipe.

Tukavuka Nile pale Pakwach, tukapita Lira na Soroti, mtoto akitapika karibu njia nzima.

Kitu cha kwanza walichofanya pale ni kuzungusha tepu kwenye kichwa chake. Sentimita 48. Mtoto wa miezi mitatu huwa na kama 40 hivi. Kisha wakampiga picha ya kichwa, na daktari akatuonyesha: katikati palikuwa peusi, maji matupu, na ubongo umesukumwa pembeni. Mdogo wetu alitufasiria, maana Kiingereza cha hospitali hakikutuingia sawasawa. Ndani ya ubongo mna vyumba, na mna vijinyama vinavyotengeneza maji kila siku, kwa kila mtu. Maji hayo hupita kwenye njia zake na kunyonywa na mwili. Homa ile ya wiki ya tatu ilikuwa maambukizi yaliyofika kichwani, yakaacha makovu, njia ikaziba. Huko Uganda watoto wengi wenye maradhi haya huyapata kwa njia hiyo, baada ya kuzaliwa wazima. Mwaka 2020 wachunguzi waliotumia sampuli za watoto waliotibiwa hapo Mbale walitangaza kwamba wamekuta bakteria aitwaye Paenibacillus kwa wengi wao, na hapo kabla alikuwa hafikiriwi kabisa. Kwa hiyo si jicho la mtu, wala si ukoo wa baba.

Tulikuwa tumesikia kuhusu mpira, ule unaowekwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni ili maji yateremke. Huo huokoa, lakini huweza kuziba au kuingia uchafu, na ukiziba mtoto anahitaji hospitali upesi. Wodini tulimkuta kijana wa miaka kama kumi na minne, amewekewa mpira tangu uchangani, amekua, anasoma, na sasa umeziba baada ya miaka yote hiyo. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, hawezi kuvumilia hata mwanga wa dirisha. Mama yake alituambia walisafiri usiku kucha. Tukatazamana, tukahesabu saa za kutoka Arua.

Ni kwa ajili ya familia za mbali namna hiyo kwamba daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya kazi hapo hadi mwaka 2006, alikuza njia nyingine. Huingizwa darubini nyembamba yenye taa kupitia utosini, hutobolewa kitundu kwenye sakafu ya chumba kimojawapo ili maji yapate njia mpya, na vile vijinyama huchomwa ili maji yapungue. Hakibaki kitu ndani ya mwili. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya watoto 100 wa hapo hapo Mbale, waliogawanywa kati ya njia hizi mbili, na baada ya mwaka mmoja akili zao hazikuonyesha tofauti kubwa. Si kila mtoto hufaulu kwa darubini, wengine hurudi kuwekewa mpira, na hilo tuliambiwa kabla ya kutia sahihi.

Tulikatazwa kumnyonyesha kwa muda wa saa nne. Wazazi mtatuelewa tukisema saa hizo zilikuwa ndefu kuliko upasuaji wenyewe. Mmoja wetu alitandika kanga kwenye ukumbi akaswali, na sista aliyepita na msalaba kifuani alizunguka kwa mbali ili asimkatize.

Tulimuuliza daktari kama ingekuwa tofauti tungekuja mapema. Hakutugombeza. Alisema operesheni huondoa msukumo wa maji, lakini sehemu ya ubongo iliyokwisha kuharibika hairudishi, na hakuna awezaye kupima ni kiasi gani kilipotea katika wiki tano. Tangu siku hiyo jibu hilo tunaishi nalo.

Alhamdulillah, kitundu hakijaziba. Alikaa mwenyewe akiwa na miezi kumi na minne, alitembea alipopita miaka miwili, na jicho la kushoto haoni vizuri. Maneno yake si mengi, ila akisikia adhana huacha kila anachofanya akaelekea mlangoni, na tusipompeleka msikitini hugomba. Kofia ya sufi tuliitupa kule kule Mbale.

Mwezi uliopita mama mmoja alikaa nyuma kabisa darsani, mtoto wake kafunikwa shali hadi machoni. Tulimfuata baadaye nyumbani kwake tukiwa na tepu ya fundi cherehani. Wiki nane, sentimita 43. Wameondoka na basi la Jumatatu, na mdogo wetu, ambaye amemaliza chuo lakini bado anaishi Mbale, atawapokea kituoni.