Mkanda mzito haumlindi mtoto anayezamia

Likizo zinapofika, wapo wazazi wanaowapeleka watoto Nungwi, Mnemba au Mafia si kuogelea tu, bali kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Kozi za PADI hupokea watoto kuanzia miaka 10, na wenye miaka 10 na 11 hawaruhusiwi kupita mita 12. Mzazi huuliza bei, boti na papa. Swali linalosahaulika ni hili: mtoto amefungwa kilo ngapi kiunoni?

Mwili, suti ya mpira na mtungi wa alumini unaokaribia kuisha hutaka kuelea. Ndiyo maana mzamiaji huvaa mkanda wenye vipande vya risasi. Lakini mtoto mgeni hupumua kwa hofu, mapafu yamejaa, na hashuki. Njia ya mkato ni kumwongezea kilo. Anashuka, watu wazima wanaridhika, na mateso yanaanza huko chini.

Ili asizame kupita kiasi, hulazimika kujaza hewa nyingi kwenye jaketi. Hewa hiyo haitulii. Kwenye kina cha mita 10 hubaki nusu ya ujazo wake wa juu, na akipanda hutanuka tena. Kadiri ilivyo nyingi, ndivyo anavyoweza kurushwa juu ghafla, jambo linaloweza kudhuru mapafu, hasa akibana pumzi. Aidha, anapiga mateke muda wote, mgongo unauma na mtungi unaisha mapema.

Kipimo sahihi hakichukui hata dakika 5. Mtoto akiwa amevaa vifaa vyote, asimame wima juu ya maji, atoe hewa yote kwenye jaketi, atulie bila kupiga miguu na avute pumzi ya kawaida. Maji yafike usawa wa macho. Akitoa pumzi, azame taratibu. Akizama kama jiwe, apunguziwe. Kama mtungi umejaa, mwalimu huongeza karibu kilo 2, kwa sababu huo ndio uzito wa hewa itakayotumika hadi ibaki robo.

Kilo za bwawani nazo si za baharini. Maji ya chumvi huinua zaidi. Mtoto ambaye pamoja na vifaa ana kilo 70 atahitaji nyongeza ya karibu kilo 2 akitoka bwawani kwenda baharini. Suti nene pia huongeza hitaji hilo.

Baada ya kilo kuwa sawa, kuna suala la zikae wapi. Zikirundikwa zote kiunoni, miguu huning'inia na mtoto husimama majini kama anayeendesha baiskeli. Kila teke linatimua mchanga na linaweza kuvunja matumbawe. Anatakiwa alale kifudifudi, magoti yamekunjwa kidogo. Miguu ikizama, mtungi usogezwe juu kidogo, au kilo moja ihamishiwe karibu na mabega. Kichwa kikizama, ifanyike kinyume chake. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hakuna atakayejua kilichosaidia.

Nyonga za watoto ni nyembamba, hivyo mkanda uliolegea unaweza kuteleza na kumfanya apae ghafla. Ubane vizuri, lakini mtoto aweze kuufungua kwa mkono mmoja wakati wa dharura. Afanye zoezi hilo mbele ya mzazi kabla ya boti kuondoka.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzazi aliye ufukweni hahisi mzigo ule, wala mwalimu hauhisi. Mtoto akisema mgongo unauma au anachoka, asiambiwe ajikaze au kwamba atazoea. Huenda ni kilo 2 tu zinazomfanya aichukie bahari.

Baada ya kila safari, mzazi aandike kwenye simu: uzito wa mtoto, unene wa suti, aina ya mtungi na kilo zilizotumika. Watoto hukua. Mkanda uliomfaa Juni unaweza usimfae Desemba, na mwalimu atakayekuwepo siku hiyo huenda hamjui. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazompa pa kuanzia, kisha apime upya.