Sifa za Nyumbani na Neno la Mjuzi



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii tumeona tuwaletee kisa kilichotokea ndani ya nyumba yetu wenyewe, hapa Kisumu, tulikohamia kutoka pwani miaka mingi iliyopita kwa ajili ya kusomesha. Binti yetu mwenye umri wa miaka 22 ametupa ruhusa ya kukisimulia, kwa sharti kwamba tusimtaje jina.

Binti huyu ameipenda kamera tangu utotoni. Kusudio lake ni kupiga picha katika harusi za kina mama, kule ndani ambako mpiga picha mwanamume haingii wala haifai aingie. Twajua kwamba maulamaa wametofautiana katika suala la picha, na si lengo letu leo kuufungua mlango huo. Sisi tulimpa ruhusa, kwa mipaka anayoijua.

Kwa miaka 3 alikuwa akijifunza mwenyewe. Akienda ufuo wa Dunga kupiga picha za mashua, za wavuvi wakishusha mbuta na ngege, za magugu maji yaliyofunika ghuba, na za jua likizama ziwani. Kila aliporudi na kutuonyesha, sisi tulisema, "Mashaallah." Mama yake alisema hivyo hivyo. Shangazi yake wa Mombasa, kila alipotumiwa picha kwa simu, alijibu kwa kumwombea dua na kumsifu. Nyumba nzima ilikuwa imeshamtawaza fundi.

Mwaka jana alichagua picha 24 alizoziona bora, akazisafisha kwenye karatasi nzuri na kuzipanga katika jalada. Alitaka apate mtu wa kazi hiyo azipime kabla hajaanza kutafuta wateja. Tukampeleka kwa mzee mmoja hapa mjini, aliyepigia magazeti picha kwa miaka mingi. Tulikwenda, tukiri ukweli, tukitarajia kusikia sifa.

Mzee alitukaribisha vizuri, kisha akazitandaza picha zote mezani, akazitazama muda mrefu bila ya kusema neno. Halafu akaanza kuzitenga. Upande mmoja zikabaki 7. Upande wa pili zikawa 17.

"Mwanangu," akamuuliza, "unatafuta kazi gani?"

"Harusi za kina mama," binti akajibu.

"Mbona basi umeniletea machweo 9? Jua halitakuajiri."

Akaendelea moja baada ya moja. Katika picha kadhaa mstari wa maji ulikuwa umeinama, kana kwamba ziwa linamwagika upande mmoja. Za saa sita mchana zilikuwa na nyuso zilizozama gizani chini ya vitambaa vya kichwa. Akamshauri arudi saa moja asubuhi, wakati omena wanapoanikwa juu ya nyavu na mwanga ungali unatoka ubavuni. Mashua moja ilijirudia mara 3. Akamwambia achague moja na aziage mbili. "Jalada," alisema, "hupimwa kwa picha yake iliyo dhaifu kuliko zote. Ukiweka 20 nzuri na 4 mbovu, mteja atakumbuka zile 4."

Kisha akatoa kabatini kitabu cha picha za Hija cha marehemu Mohamed Amin, kilichotoka mwaka 1978. Amin alikuwa mzaliwa wa Nairobi, na ndiye ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 ziliushtua ulimwengu. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Komoro. "Mtu huyu alisogea," mzee akasema huku akifunua kurasa. "Wewe umesimama mbali. Unawaogopa watu."

Katika zile 7 kulikuwa na moja aliyoishika kwa mikono miwili. Ilikuwa ya mwanamke muuza samaki aliyesimama ukingoni mwa maji alfajiri, beseni tupu kiunoni, macho yake yakilitazama ziwa. "Hii," akasema, "hii ni picha. Ulimwambia nini kabla ya kuipiga?"

Binti akainamisha kichwa. Hakuwa amemwambia kitu. Aliipiga kwa mbali, kisha akaondoka.

"Basi haijawa yako bado," mzee akasema, akaiweka chini taratibu.

Tulirudi nyumbani kwa tuktuk bila ya mazungumzo. Tulipofika mlangoni ndipo alipotuuliza swali ambalo mpaka leo halijatutoka. "Baba, miaka 3 mnaniambia mashaallah. Hamkuliona ziwa lililoinama?"

Ndugu zetu, tungependa kujibu kwamba hatukuliona. Lakini ukweli ni kuwa mengine hatukuyajua, na mengine tuliyaona tukayanyamazia, kwa kuchelea kumvunja moyo. Tuliuita ukimya wetu huruma. Na kwa huruma hiyo tukamchelewesha mtoto wetu miaka 3.

Usiku ule tulimkumbuka mwalimu wetu wa chuoni, Mungu amrehemu. Tulipokuwa tukisoma mbele yake, herufi moja ya qaf ikitoka kama kaf, aliturudisha mwanzo wa aya. Siku nyingine aliturudisha mara 10 na zaidi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyedhani kwamba yule ni adui. Tulijua anailinda aya, na anatulinda sisi tusije tukasimama mbele za watu na kosa ambalo hatulijui. Sasa vipi sisi tulioinukia katika malezi hayo, tukiwa wazazi, tumeona kusahihisha ni ukatili? Dini yetu imetufundisha kwamba muumini kwa mwenzake ni kama kioo. Na kioo kinachomwambia kila mtu kuwa amependeza hakina faida ukutani.

Baada ya siku kadhaa binti alituomba tufuatane naye Dunga. Alikuwa ameichukua ile picha ndani ya bahasha. Tukamkuta yule mama akipanga samaki wake. Binti akamsalimu kwa adabu, akamweleza, akampa picha aitazame.

Mama yule aliitazama kwa muda. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "siku hii kijana wangu alikuwa ameenda omena usiku, na kulipokucha hakuwa amerudi. Alirudi saa nne. Huu uso ulikuwa wa saa zile. Sitaki watu waukute."

Sisi tuliokuwa pembeni tulijua thamani ya picha ile, kwani mjuzi alikwishaitaja. Binti naye alijua. Ni kweli kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na uso wa mtu si mali ya kila mwenye kamera. Lakini hatukuiona sheria ikipita machoni mwake. Alimwachia mama ile karatasi, akatoa kamera, akaifuta picha mbele yake, kisha akamwomba radhi. Nyumbani akaifuta na kwenye kompyuta.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba huenda ataiweza kazi anayoitaka. Familia inayomfungulia mpiga picha chumba cha bibi harusi haimkodishi kwa ajili ya kamera tu. Inamkabidhi amana. Na asiyeweza kuiacha picha iliyo bora kwa sababu mwenyewe amekataa, huyo asiingizwe ndani.

Jalada lake sasa lina picha 11. Nyingine ni mikono iliyopakwa hina ya binti wa jirani, kwa ridhaa yake na ya mama yake. Nyingine ni za wauza samaki wa asubuhi, waliosogelewa, wakaulizwa, wakakubali. Alipozirudisha kwa mzee, mzee alitabasamu, kisha akaondoa 2.

Enyi kina mama na kina baba, watoto wetu wanapotuletea kazi zao, tuwasifu kwa lile lililo zuri, kwa kulitaja, si kwa neno moja la jumla. Tunaloliona limepinda tuliseme kwa upole. Na tusilolijua tuwapeleke kwa anayelijua, nasi tukae kimya wakati anaposema, hata ikituuma.

Makala haya tulimpa binti ayasome kabla hayajatumwa. Ameikata aya moja tuliyomsifu ndani yake. Amesema haikuwa na kazi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuipokea nasiha, na aibariki mikono ya watoto wetu. Wabillahi tawfiq.