Barua kutoka Kent: Mshika Mbili na Karata Zake

Kaka,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza Ijumaa ndani ya basi, natoka kazini ghalani. Umeuliza mabati ya nyumba ninayoijenga Pongwe yamefikia wapi, kisha ukafunga kwa methali kama kawaida yako: mshika mbili, moja humponyoka. Sikukujibu palepale kwa sababu nilikuwa nawahi mashindano ya karata. Cheka tu. Mtu mzima na mvi zangu, na mwalimu wangu ni mwanao, aliyetimiza miaka 14 juzi.

Si karata zetu za kopa, uru, pao na shupaza. Mchezo unaitwa Magic: The Gathering. Jina lisikutishe, hakuna mganga ndani yake. Aliyeubuni ni mwanahisabati, Richard Garfield, ukaingia sokoni mwaka 1993, na kampuni inayouchapa, Wizards of the Coast, iko Renton, mji tunaopakana nao. Kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai, na kazi yako ni kuzimaliza za mwenzako kabla hajamaliza zako. Ila karata hazigawiwi. Kila mtu huja na fungu lake alilolipanga mwenyewe, karata zisizopungua 60, na karata ya jina moja haizidi nakala nne, isipokuwa ardhi za msingi. Kwa hiyo unaweza kufungwa tangu Jumanne, ukiwa kwako jikoni, na ukaja kujua Ijumaa.

Sisi tunacheza mtindo wa Pauper, yaani wa kifukara: karata za kawaida tu, zile adimu za bei mbaya haziruhusiwi. Nalisema hili mapema usije ukadhani mabati yameishia humo.

Mambo yote huanzia kwenye ardhi. Rangi ziko tano, na kila moja ina kwao: nyeupe tambarare, buluu kisiwani, nyeusi kinamasini, nyekundu mlimani, kijani msituni. Kila zamu unashusha ardhi moja tu, nayo hukupa mana, ambayo ndiyo sarafu ya kulipia karata nyingine. Ukikaa na karata nyekundu mkononi huku mezani una visiwa vitupu, wewe ni mtu aliyeingia duka la Mpemba na dola mfukoni asubuhi na mapema. Fedha unayo, na mkate huupati.

Utauliza, kwa nini basi usishike rangi moja ukatulia? Kwa sababu kila rangi ina upungufu wake. Mimi nilichagua buluu na nyekundu. Buluu ina Counterspell, inayozima karata ya mpinzani kabla haijafanya kazi. Lakini mnyama akishapenya akasimama mezani, Counterspell haimgusi tena. Hapo ndipo nyekundu inapoingia na Lightning Bolt: mana moja tu, pigo la pointi tatu, kwa mnyama au kwa mwenye mnyama. Kisha kuna Tolarian Terror, joka la baharini. Bei yake ni mana saba, lakini kila karata ya kupiga mara moja na kutupwa ikishafika kwenye rundo la zilizotumika, bei inashuka kwa mana moja. Kila Bolt na kila Counterspell niliyoitumia inanipunguzia gharama ya joka. Rangi mbili zinazosaidiana hivyo ndizo za kuoanisha; kupendeza peke yake hakutoshi.

Fungu langu la kwanza nililipanga kwa haki: karata 40 za kazi, ardhi 20, visiwa 10 na milima 10. Mwanao akalitazama, akaniuliza, “Baba, umepiga hesabu?” Sikuwa nimepiga. Akaketi na kalamu. Katika kila mikono 100 ya mwanzo, yenye karata saba, 26 hivi haitakuwa na kisiwa hata kimoja. Na milima vilevile. Nikamwambia mashindano si mtihani wa hesabu. Ijumaa ile nikakaa mezani na milima mitatu, Counterspell mbili mkononi, na kila moja inadai mana mbili za buluu. Mpinzani wangu alishusha wanyama wake mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anayeanika dagaa. Nilikuwa na dawa yake mkononi muda wote.

Tuliporudi nyumbani tukalivunja fungu. Jambo la kwanza, tukaingiza ardhi nane za rangi mbili, kama Swiftwater Cliffs, ambayo hutoa mana ya buluu au nyekundu upendavyo. Lakini hazitolewi bure: ardhi hiyo huingia mezani imelazwa, na zamu hiyo huwezi kuitumia. Unalipa kwa kuchelewa. Jambo la pili ndilo lililoniuma: haki sawa ikavunjwa. Buluu ikawa mwenyeji, nyekundu mgeni. Visiwa nane, milima minne. Kila karata nyekundu iliyodai mana mbili za nyekundu ikatolewa, hata zile nilizozipenda. Zikabaki zinazoridhika na moja. Sasa mikono isiyo na chanzo cha buluu imeshuka hadi 10 hivi katika 100. Isiyo na nyekundu ni 19. Mgeni bado hukawia mara kwa mara, ila mwenyeji yupo, na nyumba haifungwi.

Ijumaa hii nilishinda mechi mbili, nikafungwa moja. Niliyofungwa, nyekundu ilikataa kuja hadi zamu ya sita. Sikulalamika. Nilikuwa nimeshaamua jikoni kwamba ikibidi moja iponyoke, itakuwa hiyo.

Sasa nirudi kwenye methali yako, kaka. Nimeifikiria sana. Ni kweli moja huponyoka, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikijifanya kwamba kwangu haitaponyoka yoyote: nusu ya mshahara huku, nusu Pongwe, visiwa 10 na milima 10. Ndiyo maana mwezi wa nne kodi ya hapa ilipitiliza, na fundi naye akaondoka na ngazi zake.

Kwa hiyo nakuambia wazi, nisikufiche. Kodi na shule ya mwanao ndivyo visiwa vyangu. Nyumba ya Pongwe ni mlima. Mwezi huu nimetuma fedha ya mabati 20, si 60. Yanunue, yalaze pembeni mwa ukuta uyafunike yasipate chumvi ya upepo. Hayo mengine yatakuja, ila usimwite fundi bado.

Mwanao anakuamkia baba yake mkubwa. Anasema ukija atakufundisha, na kwamba wewe, kwa jinsi anavyokusikia kwenye simu, utakuwa nyekundu tupu.

Mdogo wako,
Kent, Washington