Ufunguo Ukae Mfukoni mwa Fundi

Je, wajua mumeo au mwanao hufanya kazi gani hasa akiwa kiwandani? Mimi niliyeolewa na fundi wa stima sikujua, hadi jioni moja aliporudi kimya na kukataa hata chai.

Mchana huo alikuwa akitengeneza mashine ya kukanda unga wa mikate, mikono yake imezama ndani hadi viwikoni. Aliizima kwa kile kitufe chekundu, akamwambia mwenzake, "Usiwashe, nimo ndani." Zamu ikabadilika. Aliyeingia hakuambiwa lolote. Alipoona mashine imelala, akabonyeza kitufe cha kijani. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza ametoa mikono ili achukue spana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimhoji kama askari. Kumbe kitufe chekundu husimamisha mota tu! Ndani ya kabati la swichi stima ingali hai, tena volti 415 baina ya waya na waya, ilhali hii yetu ya nyumbani ni 240. Hata swichi kubwa ikizimwa, nyaya za kuiamrisha mashine huenda zinapata stima kutoka kwingine. Vile vifaa vya kisasa vya kurekebisha kasi ya mota navyo hubaki na chaji kwa dakika kadhaa. Fundi husubiri, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa. (Anayetegemea bisibisi yenye kitaa peke yake, asema bwanangu, anacheza kamari.)

Na yule wa zamu ya pili atazuiwaje? Kwa kufuli. Kila fundi hufunga lake kwenye swichi kubwa iliyozimwa na kukaa na ufunguo. Wakiwa watano, makufuli ni matano, na stima hairudi mpaka wa mwisho afungue lake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake. Lakini msimamizi wao alidai eti makufuli hayamo kwenye bajeti! Bajeti gani hiyo isiyotosha kufuli?

Nilimnunulia moja sokoni, nikalipaka rangi yangu ya kucha na kuandika jina lake. Ufunguo hautoki mfukoni mwake. Juzi niliufua pamoja na suruali.