Kamera Haioni Waya

Wasee, leo niwaonyeshe kitu ambacho hamjawahi kukiona kwenye video zangu: ukuta ulio nyuma ya lile pazia jeusi.

Studio yangu ni esaiga ya mbao hapa Ekerenyo, Nyamira. Kwa wasiojua, esaiga ni kanyumba ka kijana kwenye boma la wazazi, sisi Wakisii. Za zamani zilikuwa za udongo. Yangu ni mbao na mabati, na ndani nimebandika katoni kuzuia baridi. Nilinunua taa ya kurekodi, maikrofoni, zulia. Fundi wa stima? Nikajiambia YouTube ipo. Nikavuta waya kutoka jikoni kwa mathe, nikaunga kwa tepu ndani ya ukuta, nikapigilia soketi kwenye mbao. Stima ikawaka. Nikajiona injinia.

Jumapili moja asubuhi binamu yangu anapiga pasi, mimi nachemsha maji ya chai. Tukasikia harufu ya plastiki. Kugusa soketi, imeshika moto kama sufuria. Nikakimbia kuzima kwa mathe. Nilipoifungua, mbao ya nyuma ilikuwa nyeusi, saizi ya kiganja.

Mathe aliangalia, akauliza tu: "Na kama mngekuwa mmelala?"

Sikuwa na jibu. Ila hesabu ilikuwepo. Birika yangu ni wati 2,000, pasi 1,200. Jumla 3,200. Gawanya kwa volti 240, unapata zaidi ya ampea 13. Waya yangu ilikuwa ile nyembamba ya taa. Na fyuzi ya 13 haingeniokoa, kwa sababu waya ingechemka kabla fyuzi haijakatika.

Tuliita fundi mwenye leseni ya EPRA. Aling'oa kila kitu. Akaweka waya ya 2.5 kwa soketi, 1.5 kwa taa, zote ndani ya paipu, kila soketi na boksi lake. Esaiga ikapata breka yake, na ethi ikashuka mpaka ardhini. Akaniambia, "Kijana, nyumba ya mawe inaweza kukusamehe. Mbao haikusamehe."

Pesa ilitoka wapi? Niliuza ile taa ya kurekodi. Ndiyo maana siku hizi mnaniona nikirekodi mchana, karibu na dirisha.

Najua wengi wenu mmejenga vyumba vya mbao, vya studio, kinyozi, ama kulala tu. Tunanunua kwanza kile watu wataona. Waya hakuna mtu atalike. Lakini laini yangu ilitoka jikoni kwa mathe. Ningeungua, singeungua peke yangu.

Leo usiku, kabla ulale, gusa soketi yako. Ikiwa na joto, zima, chomoa, na uite fundi. Picha za studio zinaweza kungoja.