Mto Huulizwa kwa Wenyewe

Siku ya Jumamosi mjini Bujumbura huanza kwa majembe na mafagio. Mpaka saa nne na nusu asubuhi raia huwa katika kazi za jamii, na safari zote husubiri. Jumamosi moja, hakuna aliyeingoja saa hiyo kwa hamu kama koplo mmoja wa jeshi, mkazi wa mtaa wa Buyenzi. Baada ya miezi mingi alikuwa amepewa siku mbili za mapumziko, na alikuwa amemwahidi mwanawe wa miaka kumi kwamba watakwenda kuvua samaki mtoni. Fito mbili za mwanzi zilikuwa zimeegemezwa ukutani tangu Alhamisi. Mishipi, ndoano, chubwi za risasi na kopo la nyungunyungu vilikuwa tayari.

Lililobaki lilikuwa mahali pa kuvulia, na hilo nalo koplo alikuwa amekwisha kuliamua. Wangekwenda Mto Rusizi, karibu na mahali unapoingia Ziwa Tanganyika, kwa kuwa kambini alisikia kwamba huko samaki ni wengi.

Mkewe, mzaliwa wa kijiji cha wavuvi kusini mwa mji, alikuwa akiwafungia chakula: ugali wa muhogo, maharage na ndagala wa kukaanga. Alimwuliza mumewe pasipo kuinua macho.

"Baba watoto, mahali hapo umemwuliza nani?"

"Pa kuuliza pana nini, mama watoto? Mto ni mto. Nimelala maporini miaka kumi na miwili."

"Ulilala na kikosi kizima, tena mkiwa na silaha. Leo unakwenda na mtoto na fito mbili. Maji usiyoyafika hujui wingi wake."

Koplo alicheka, akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

Njia ya kwenda Gatumba hupita katika uwanda ulio tambarare kama mkeka. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, na katika mwendo wa kilomita zipatazo 117 hushuka karibu meta 700, ukipiga kelele kwenye majabali ya juu. Ufikapo katika uwanda huu huwa umechoka. Hutembea polepole, hujigawa, hujificha katika matete, kisha huingia ziwani kimya kimya. Sehemu kubwa ya eneo hilo ni hifadhi tangu mwaka 1980. Humo hukaa ndege wengi, viboko na mamba, na kwingineko katika hifadhi hiyo husimama mikoche mirefu. Ndani ya hifadhi mtu havui kwa kupenda kwake, naye koplo alijua hivyo, kwa hiyo alitafuta ukingo ulio nje ya mipaka yake.

Hawakutembea sana kabla ya kupaona mahali panapopendeza. Matete yalikuwa yamefunguka, na kijia laini, kipana kiasi cha hatua mbili, kiliteremka mpaka majini. Udongo wake ulikuwa umekanyagwa vizuri, na maji ya chini yalizunguka taratibu, kama vile samaki wapendavyo.

"Unaona, mwanangu? Watu hupita hapa kila siku."

Mtoto alitangulia kwa furaha. Alikuwa ameteremka hatua tatu sauti iliposikika nyuma yao.

"Mtoto asiende!"

Alikuwa mzee mmoja mwenye nyavu begani. Hakupiga kelele tena. Alimngojea mtoto apande, ndipo akaonyesha kijia kile kwa kidevu.

"Bwana, njia hii haikufanywa na watu. Ni ya kiboko. Jioni hupanda kuja kula majani, alfajiri hurudi. Akikukuta umesimama katikati yake na maji, hana swali la kukuuliza. Na pale pembeni, tope lilipochubuka kama pametelezeshwa mtumbwi, mtumbwi haukupita. Pale hujianika mamba."

Koplo alitazama. Yale aliyoyaona kuwa dalili za usalama sasa yalisomeka vingine kabisa. Alimvuta mtoto karibu naye, na kwa muda hakusema neno.

Wakakaa chini ya kivuli, mbali na ukingo, wakagawana chakula na mzee. Mazungumzo yakafika kwa Gustave, yule mamba mkubwa wa Rusizi ambaye sifa zake zilienea dunia nzima. Jina hilo alipewa na Mfaransa Patrice Faye, aliyeishi Burundi miaka mingi, akajaribu kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma asifaulu. Husemekana kwamba mwili wa mamba huyo ulikuwa na makovu ya risasi. Koplo alipolisikia hilo alitabasamu kidogo. Alikuwa amefikiri kwamba ushujaa wa askari ni ngao mahali popote, na kumbe mnyama wa majini hatambui cheo wala sare.

Walioudharau mto huu kwa kutouliza, au kwa kuuliza wasiamini, hawakuanza leo. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika kwa mitumbwi hadi Uvira, wakitumaini kwamba Rusizi hutoka ziwani kwenda kaskazini na huenda ndio chanzo cha Naili. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba mto huingia ziwani. Hata hivyo ubishi uliendelea Ulaya, mpaka mwezi Novemba mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipokuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji na kujionea kwa macho. Mto ulikuwa ukiingia, kama wenyeji walivyosema miaka 13 kabla yake.

"Basi, mzee, sisi twende wapi?" koplo aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu asubuhi.

Mzee alijibu kwa utaratibu. Mtu mwenye mtoto asitafute mahali palipojificha, bali atafute mahali ambapo wavuvi wengine hupaki mitumbwi yao na ambapo watu hufika kila siku. Hata hapo asiingize miguu majini, wala asikae mpaka giza liingie. Asitegemee maneno ya mwaka jana, kwa kuwa ukingo huhama. Mwezi Aprili mwaka 2020 Rusizi ulivunja kingo zake ukaigharikisha Gatumba, na miaka iliyofuata ziwa nalo lilipanda, hata viboko wakakaribia nyumba za watu. Samaki nao wana desturi zao. Hupenda mahali maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, nyuma ya mawe, na pale kijito kinapoleta chakula. Kisha akamshauri aende kusini, upande wa Mto Mugere, awaulize wavuvi wa huko.

Jumamosi ile, basi, walirudi nyumbani na kopo lao la chambo likiwa limejaa vile vile. Mke hakuuliza kitu. Alipowaona wamerudi wawili, aliteleka chai.

Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, baba na mwana walishika njia ya kusini inayofuata ziwa. Mugere uko umbali wa kilomita zipatazo 12 kutoka mjini. Kilimani hapo kuna jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliolala huko katika safari ile ile ya mwaka 1871. Koplo hakufungua mishipi. Kwanza aliwasalimu wavuvi waliokuwa wakianika nyavu, akajieleza, akaomba kuonyeshwa mahali. Kijana mmoja aliacha kazi yake, akawapeleka kwenye mawe makavu yaliyoinuka, ambapo maji ya mto hupunguza mwendo kabla ya kukutana na ziwa.

Huko walivua kwa saa mbili. Mtoto alijifunza kufunga ndoano, kunyamaza, na kumrudisha majini samaki mdogo ili akakue. Walipata ngege watatu na kambare mmoja. Jua lilikuwa likiwaka, na koplo alikuwa akifikiria kubaki mpaka mchana, mtoto alipoinua kichwa.

"Baba, mbona maji yamebadilika rangi?"

Siku moja nyuma angemjibu kwamba si kitu. Safari hii aliweka ufito chini akamwita kijana yule. Kijana hakuyatazama maji kwanza, alitazama milima ya Mumirwa, ambako wingu jeusi lilikuwa limekaa.

"Juu kunanyesha. Ondokeni kwenye mawe."

Mito ya Bujumbura, Ntahangwa, Muha, Kanyosha na Mugere, ni mifupi na huteremka kutoka milima mikali. Mvua inyeshapo huko juu, mji unaweza kuwa mkavu huku maji yakija kwa kasi. Wakazi wa kaskazini mwa mji hawajasahau usiku wa tarehe 9 Februari mwaka 2014, maji kutoka milimani yalipobomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 60. Koplo na mwanawe walikuwa wamekwisha kufika kwenye mitumbwi mto ulipogeuka kuwa wa udongo, ukiburuta matawi. Mawe waliyokuwa wamekalia hayakuonekana tena.

Jioni hiyo samaki wanne walipikwa kwa nyanya na mawese, wakatosha watu sita kwa kuwa mama alikata vipande vidogo. Jirani, ambaye ni polisi, alivutwa na harufu akauliza ni mahali gani hapo panapotoa samaki wazuri namna hiyo, ili Jumapili ijayo naye awapeleke watoto wake.

Koplo alitaka kumtajia, kisha akasita. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa amelala mkekani na kopo la chambo ubavuni.

"Sitakutajia mahali," alisema. "Nitakupeleka kwa wenyewe, ukawaulize."