Kigali: Inayopendwa na Isiyopendwa



Toka nirudi Kigali, watoto wa darasa langu hawanipi amani. "Mwalimu, ni kweli barabara zinang'aa?" "Mwalimu, eti ukitupa ganda la ndizi chini polisi anakukamata?" Lakini jioni pale kwenye bomba la maji, wazazi wana swali lingine. Mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kijana wangu mkubwa amekataa kukaa hapa, anataka kwenda Kigali kutafuta maisha. Nimruhusu ao nimkataze?" Ile siku sikuwa na jibu. Leo najaribu kumjibu, na wengine wenye swali kama lake wasome.

Nilikwenda kumsindikiza mama mdogo kwenye matibabu. Tulipanda basi Kamembe asubuhi na mapema, giza bado. Barabara inapita katikati ya msitu wa Nyungwe, ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004. Mule ndani baridi ni kali hata mwezi wa jua, na nyani wanakaa kando ya barabara wanatutazama kama vile sisi ndio tumeletwa waone. Kona ni nyingi, basi mwenye tumbo jepesi asile sana asubuhi. Ukitoka msitu unapita Nyamagabe, Huye, Nyanza, Muhanga. Baada ya kama masaa sita tukafika Nyabugogo, stendi kubwa ya mabasi ya Kigali.

Kwanza niwaambie kidogo historia. Mji ule ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Wakati wa mfalme, ikulu ilikuwa Nyanza. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, Kigali ikachaguliwa kuwa mji mkuu kwa sababu iko katikati ya nchi. Ulikuwa mji mdogo sana. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya 1,700,000.

Sasa, wageni wanapenda nini? Kila mgeni atakuambia usafi. Ni kweli, watoto, barabara zinang'aa! Mifuko ya plastiki imekatazwa nchi nzima tangu mwaka 2008. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda: asubuhi maduka yanafungwa na watu wanatoka na jembe na panga. Wazee watakumbuka salongo ya kwetu Kongo. Pili ni usalama. Nilimwona msichana anatembea peke yake saa nne ya usiku, simu mkononi, anaongea bila kugeuka nyuma. Mama mdogo alisimama akamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Akasema, "Mwanangu, hiki ndicho kitu cha kwanza nimekipenda hapa." Sisi tuliolala na viatu miguuni tunajua kwa nini alisema hivyo. Tatu ni utaratibu. Hata pikipiki, abiria anavaa kasike, na dereva habebi watu wawili.

Na wenyeji wanapenda nini? Tulikaa Nyamirambo kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Huko ndiko Kiswahili kinasikika Kigali, maana tangu wakoloni Waislamu na wafanyabiashara waliosema Kiswahili waliwekwa upande ule. Watu wa Nyamirambo wanaupenda mtaa wao kwa sababu hauna usingizi: chai ya maziwa, chapati, mishikaki, vinyozi, muziki. Nilijisikia kama niko Bukavu. Na tangu mwaka 2017 Kiswahili ni moja ya lugha rasmi za Rwanda, kwa hiyo vijana, msikione haya.

Tuje upande wa pili. Wageni, hasa sisi Wakongomani, tunalalamika kwamba mji umenyamaza mno. Kelele zinakatazwa. Mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 ya Kigali yalifungwa kwa sababu ya majengo yasiyofaa, kelele na mambo mengine ya sheria. Mtu aliyezoea kuamshwa na ngoma ya kwaya anaona kama mji una msiba. Vilima navyo vinachosha. Unapanda, unashuka, unapanda tena.

Wenyeji wanalalamikia maisha ghali. Kodi ya nyumba inakula mshahara, basi za jioni zina foleni ndefu. Na kuna jambo wanaloongea kwa sauti ndogo: mji mzuri unahitaji nafasi, na mara nyingi nafasi inatoka kwa maskini. Mtaa wa Kangondo, ambao watu waliuita Bannyahe, ulibomolewa mwaka 2022, wakazi wakahamishiwa nyumba za Busanza. Wako waliofurahia nyumba mpya. Wako waliosema wangetaka pesa ya fidia wachague wenyewe pa kwenda.

Hapo ndipo nilianza kuelewa. Dada yangu huyo aliwahi kuuza avoka kwenye beseni, akizunguka barabarani. Kigali uchuuzi wa barabarani umekatazwa, hata anayenunua anaweza kupigwa faini. Siku moja akakamatwa, beseni likaenda na avoka zake zote, na mtaji ulikuwa wa kukopa. Alilia siku mbili. Mimi nilipokuwa naisifu barabara safi, yeye alinitazama akasema, "Ndugu yangu, barabara hiyo ni safi kwa sababu mimi siko juu yake." Nilikosa la kujibu. Lakini ni yeye huyo huyo anayerudi nyumbani usiku bila hofu, na anasema utaratibu ule ule uliomnyang'anya beseni ndio unaomlinda. Leo ameungana na akina mama wawili, wamepata meza sokoni. Faida ni ndogo, lakini hakimbii mtu.

Basi, mama wa bombani, jibu langu ni hili. Usimkataze kijana wako, ila asiende kama mtu anayekimbilia mwanga. Kwanza, aulize ofisini ruhusa na karatasi zinazotakiwa, na kitambulisho chake kisitoke mfukoni. Pili, awe na mtu wa kumpokea, mwenye nyumba inayojulikana, si namba ya simu tu. Tatu, awe na kazi ya mikono: kushona, kujenga, kunyoa, kutengeneza simu. Kigali inapokea mwenye ufundi. Mwenye beseni itamsumbua. Nne, nauli ya kurudi aifunge pembeni na asiiguse. Aende kwanza wiki moja, atazame kwa macho yake, arudi muongee. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni naye ajue anakwenda wapi.

Na watoto wa darasa langu: hapana, sikukamatwa. Ganda la ndizi nililiweka mfukoni mpaka nyumbani. Kesho nataka kuona uwanja wetu wa shule vilevile.

Mwalimu wenu wa kujitolea